Mgeni rasmi bila maji ya chupa: nifanyeje sherehe yetu iwe bila taka kweli?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa kisiwani Lamu, na ni katibu wa kikundi cha mazingira cha wanafunzi. Januari chuo kitafanya siku ya utamaduni. Kutakuwa na kasida, ngoma, maonyesho ya vyakula, na chakula cha mchana cha watu kama 320 pamoja na wazazi na wageni. Kikundi chetu kiliomba siku hiyo iwe sherehe isiyo na taka, na mkuu wa chuo akakubali mbele ya mkutano mzima. Nilifurahi sana. Sasa silali.

Mwaka jana tulijaribu. Tuliweka mapipa matatu ya rangi, moja la mabaki ya chakula, moja la chupa, moja la taka nyingine, tukabandika na karatasi za maelezo. Nusu saa tu baada ya chakula kuanza, mapipa yote matatu yalikuwa na kitu kile kile: wali, chupa, sahani za boksi na shashi. Kaskazi ilivuma ikachukua vikombe ikavipeleka mpaka mikokoni. Jioni, wageni wameshaondoka, nilikuta rundo zima linachomwa nyuma ya bweni. Moshi mweusi, unanata kooni. Asubuhi yake ripoti yetu ikasema tumefanikiwa. Niliyeiandika ni mimi, Shangazi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka huu kuna kampuni inayotaka kutupa katoni 30 za maji ya nusu lita, bure, mradi jina lake lionekane. Mwenyekiti wetu anasema kukataa ni utovu wa adabu, na kwamba mgeni rasmi hawezi kuwekewa maji ya gilasi kama yuko matangani. Mama yangu mzazi yuko upande wake! Aliniambia, "Watu watasema chuo hakina hata pesa ya maji." Mwalimu mlezi naye anapendekeza tununue vikombe vya karatasi na sahani zilizoandikwa kwamba zinaoza zenyewe. Wenzangu wengine wamechoka. Wanasema hata karatasi ya peremende ni taka, kwa hivyo tuliache hilo jina tusije tukachekwa.

Nikubali chupa kwa meza kuu peke yake ili tuelewane? Au nijiuzulu kabla sijaandika ripoti nyingine ya uongo?

Katibu asiyelala, Lamu


Marahaba, mwanangu.

Usijiuzulu. Aliyeumwa na ripoti ya uongo ndiye anayefaa kushika daftari la mwaka huu, na daftari hilo nitalirudia baadaye.

Kwanza tuseme kweli kuhusu mapipa yenu. Mlihangaika na mwisho wa safari. Taka zile zilikuwa zimeshazaliwa siku mtu alipokaa na kalamu kuandika orodha ya manunuzi: sahani za boksi 400, vikombe 400, shashi, chupa. Kisiwa chetu unakijua. Kila kitu cha dukani kinapakiwa chomboni Mokowe, kinavuka, kinashuka gatini, kinapanda mgongoni kwa punda. Kikishaingia, kutoka ni shughuli. Kuna wanaokusanya plastiki hapa, na sote tumekiona chombo cha Flipflopi, kilichoundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara kuukuu, kikazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Zanzibar. Mafundi wale walifanya kazi ya kujivunia. Lakini msiitumie kazi yao kama ruhusa ya kuleta chupa 720 kwa mchana mmoja. Wao wanasafisha yaliyokwisha kumwagika. Nyinyi bado mna nafasi ya kutomwaga.

Kwa hivyo pigania orodha ya manunuzi kabla ya kufikiria pipa hata moja. Omba uketi na anayeishika, mstari kwa mstari, na kila kitu ukiulizie: baada ya kutumika kitakwenda wapi, nani atakibeba? Kisichokuwa na jibu kisinunuliwe.

Sasa maji, maana hapo ndipo penye vita.

Katoni 30 za chupa 24 ni chupa 720. Nusu lita kila moja, jumla lita 360. Maji hayo hayo yanaingia katika madumu makubwa 18 ya lita 20, yale yanayorudishwa dukani na kujazwa tena. Iandikieni kampuni hiyo barua ya adabu: mnashukuru, mnaomba lita zile zile 360 katika madumu yanayorudishwa, na jina lao litaandikwa kwa rangi kwenye kitambaa cha pamba juu ya meza ya maji, mahali ambapo kila mtu atapita mara tatu au nne siku nzima. Karatasi ya chupa husomwa na nani? Watu huibandua kwa kucha wakisubiri hotuba iishe. Wakikubali, mmefaidika nyote. Wakikataa, washukuruni tena, na mtafute maji kwengine. Kukataa zawadi usiyoweza kuihifadhi hakumvunjii mtu heshima, mradi umekataa kwa maneno mazuri na mapema.

Mgeni rasmi ndiye sababu hasa iliyonifanya nikujibu wewe wiki hii. Hapana, usikubali chupa kwa meza kuu. Watu 300 watakuwa wanaitazama meza ile. Chupa moja pale itawaambia kwamba gilasi ni za wanyonge.

Mama yako simlaumu. Ametaja hofu ambayo wengi wetu tunayo: kwamba kitu kilichofungwa kiwandani ni usafi na ukwasi, na gilasi ni dalili ya kukosa. Hofu hiyo si ya zamani. Nyumbani kwa bibi yangu, mtaa wa Langoni, mgeni hakuletewa maji hivi hivi. Mtungi ulifukizwa ubani kwanza: mtungi mtupu, mkavu, unainamishwa juu ya chetezo mpaka moshi ukolee ndani, ndipo unatiwa maji na kufunikwa. Gilasi ililetwa juu ya sinia ndogo yenye kitambaa cha kutarizi. Mgeni alinusa kabla hajanywa. Nilikuwa mtoto na nilikuwa nikiiba funda moja kwa ajili ya harufu ile tu. Basi mwombe mama yako, yeye mwenyewe, atayarishe maji ya meza kuu. Mtungi, ubani, gilasi zilizong'arishwa, kikuba cha asmini pembeni. Mpe kazi hiyo kama heshima, maana ni heshima kweli, na umwambie mwenyekiti aje anuse. Sidhani kama kuna atakayesema chuo kimefilisika.

Hofu ya usafi muijibu kwa vitendo. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Vikombe vioshwe kwa karai tatu: la kwanza kusuuza uchafu, la pili maji ya moto na sabuni, la tatu maji safi, kisha vianikwe juani juu ya chanja, visifutwe kwa kitambaa kimoja kinachopita vikombe mia. Maji ya karai yabadilishwe mara kwa mara. Muweke vijana wawili hapo wasiondoke, wabadilishane kila saa. Na karai ziwekwe mahali pa wazi, wageni wazione.

Kuhusu vikombe vya karatasi, mwambie mwalimu wako kisa changu. Miaka michache iliyopita, harusi ya binti wa jirani, mimi ndiye niliyeshauri tununue vikombe vya karatasi. Nilijiona mjuzi. Baadaye tukavifukia shimoni pamoja na maganda, nikasema vitaoza vilishe mnazi. Baada ya mvua za masika kupita nilikwenda kufukua. Maganda yalikuwa udongo. Karatasi ilikuwa imelainika na kukatika, na ndani yake nilivuta kwa vidole ngozi nyembamba inayong'aa, kama utando wa kitunguu, nzima kabisa, bado ina umbo la kikombe. Ile ni plastiki. Vikombe vingi vya karatasi vimepakwa plastiki ndani ili chai isivuje. Nilikaa nikizichambua ngozi zile moja moja kutoka kwenye mchanga mpaka magharibi. Na nyingi ya zile sahani zinazoandikwa kwamba zinaoza huhitaji mtambo maalumu wenye joto kubwa la kudumu. Mtambo huo hatuna. Ukiziacha ufuoni zinakuwa taka kama nyingine.

Mbona sinia zipo? Watu 320, wanne kwa sinia, ni sinia 80. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, majamvi chini, kama tunavyokula harusini. Sahani 320 hamzihitaji, vijiko wachache watavitaka, na kwa hao azimeni vya chuma. Kabla ya kula, vijana wapite na birika na bakuli la kunawisha mikono, na wapite tena baadaye. Kwa hilo peke yake mtaondoa shashi na vile vitambaa vyenye maji vya kwenye pakiti, na yule mgeni kutoka bara atakumbuka alivyomiminiwa maji mikononi kuliko hotuba yoyote. Mishkaki itiwe vyuma. Chai na kahawa ziwe kwenye birika na dele, na vikombe vidogo vya kaure. Sukari itoke bakulini.

Madafu nayapenda, lakini hapa muwe na kiasi. Madafu 320 ni mlima wa makumbi mabichi, mazito, na hayaozi upesi. Wekeni machache kwenye maonyesho ya vyakula, makumbi yake mkayakaushe juani yawe kuni. Vinywaji vingine viwe sharubati ya ukwaju na maji ya maembe kutoka ndoo zenye kifuniko na kata.

Maputo, hapana kabisa. Kaskazi itayafikisha baharini kabla ya dua ya kufungua, na kasa hawajui puto ni nini. Mapambo muyatoe kwenye asmini, rihani, makuti mabichi yaliyosukwa, na leso zilizotundikwa. Bango, kama ni lazima, lisiandikwe tarehe wala mwaka, ili mwakani litolewe kabatini.

Tukija kwenye mapipa, yawe mawili tu kila kituo, yakae pamoja kama mapacha, na vituo viwe vichache, vinne vinatosha. Pipa lililo peke yake hutiwa kila kitu, hilo umeliona. Wageni hawasomi karatasi iliyobandikwa. Tundikeni kitu chenyewe kwa kamba juu ya pipa: ganda la ndizi juu ya hili, kopo juu ya lile. Na kila kituo kisimame mtu, kijana mwenye bashasha, anayesema "karibu, mfupa huu uje huku" bila kumwaibisha mzee wa watu. Hakuna mapipa mengine yoyote uwanjani wala madarasani saa hizo. Yaliyopo yafungiwe chumbani.

Kama utawala wa chuo utaona mnawasumbua, wakumbusheni kwa upole kwamba kutenganisha si hiari ya kikundi chenu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka taasisi za umma na za binafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapotokea. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo wauzaji wa maonyesho ya vyakula wakija na vifuko vya kufungia bajia na mabuyu, lango liwasimamishe. Waambieni wiki mbili kabla, wasije wakafikwa na hasara siku ile. Vikapu vya ukili, majani ya mgomba, na gazeti kwa vitu vikavu kama mbegu za kukaanga vinatosha, na anayenunua cha kupeleka nyumbani aje na bakuli lake. Mgeni anayeingia na chupa yake ya soda asizuiwe kama mwizi. Mwambieni tu atoke nayo.

Chakula kitakachobaki kinategemea hesabu ya mwanzo. Pateni idadi ya kweli ya watu kabla mpishi hajapima mchele. Kilichobaki sufuriani hakijaguswa, kigawiwe mabwenini na kwa majirani jioni ile ile kingali moto. Kilichobaki sinia kiende kwa kuku na mbuzi. Maganda na mboga yawe mboji, na hapo sisi wa Lamu tumebarikiwa kuliko vyuo vingi, kwa sababu tuna mavi ya punda. Ndoo moja ya maganda, ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: mavi makavu, majani, makuti yaliyokatwakatwa. Rundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ligeuzwe kila wiki. Mifupa ya nyama na samaki msiitie humo, paka wetu watafukua usiku huo huo. Ichimbieni shimo refu pembeni. Na asipite mtu na mfuko wa plastiki karibu na rundo hilo. Punda hula plastiki yenye harufu ya chakula, humziba tumbo, na wahudumu wa hospitali ya punda hapa kisiwani wanajua uchungu wake.

Msichome kitu. Hata kama saa mbili usiku bado kuna gunia limebaki na kila mtu anataka kulala. Gunia lilale, kesho litafutiwe njia.

Sasa daftari. Wenzako wanaosema haiwezekani wana haki ya kuuliza maana ya neno lenyewe. Huko Marekani, ambako vyuo vingi hufanya sherehe za namna hii, kipimo kinachotumika sana ni hiki: kama angalau asilimia 90 ya taka zote, kwa uzito, hazikwenda jaani wala motoni, sherehe inaitwa isiyo na taka. Karatasi ya peremende haitawavunjia jina. Azimeni mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki. Kila gunia na ndoo ipimwe kabla ya kuondoka, iandikwe ilikokwenda. Tuseme jumla ni kilo 60, na kilo 55 zimekwenda kwenye mboji, kwa mifugo na kwa wakusanyaji wa plastiki. Hiyo ni karibu asilimia 92. Mkipata 70, andika 70, na andika kilichowaangusha kwa jina lake: wauzaji wanne walikuja na vifuko, karai la pili liliishiwa maji ya moto. Anayepima asiwe yule yule anayeandika hotuba ya shukrani. Na katika ripoti hiyo, kabla ya hesabu za mwaka huu, weka sentensi mbili kuhusu mwaka jana: taka zilichomwa, ripoti haikusema. Utaona haya siku utakapoisoma mbele ya watu. Kisha utalala.

Jambo la mwisho ni sinia 80, maana chuo hakina. Zipo majumbani. Nendeni wiki moja kabla, nyumba kwa nyumba, wawili wawili, mkaombe kwa wakina mama. Semeni ni za nini. Kila sinia mnayopewa igeuzeni, mtie alama chini kwa rangi ya kucha, herufi moja na namba, na muandike daftarini ni ya nani na imetoka mtaa gani. Mkodi punda wawili wenye shogi nzuri za kuzibeba, na zifungwe kwa leso zisigongane. Jumatatu yake zirudi zote, zimeoshwa. Na unajua chombo cha jirani hakirudi kitupu: juu ya kila sinia tieni kaimati chache, au embe mbili.

Shangazi